Maneno ya Kiingereza Yataka Safu Moja

Katika Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma masomo yake kwa Kiswahili, na akiingia sekondari hukuta vitabu karibu vyote ni vya Kiingereza. Hujikaza. Hukariri maneno mapya kila siku, na baada ya miezi michache aweza kutaja kwa Kiingereza vitu vya nyumbani na vya shambani. Lakini akiandika sentensi ndefu kidogo, daftari hurudi lina alama nyekundu. Mtoto hushangaa. Maneno yote ameyaandika sawasawa, herufi hazikukosewa, hata nukta amekumbuka kuitia. Kosa liko wapi?

Mara nyingi kosa ni la safu. Maneno yanayofanya kazi moja katika sentensi hayakupangwa kwa namna moja. Leo twataka kulieleza jambo hili kwa faida ya vijana wanaosoma, na pia kwa faida ya baba na mama ambao pengine hawakijui Kiingereza, lakini wangependa kumsaidia mtoto jioni kabla taa haijazimwa. Tutaona kwamba hata mzazi wa namna hiyo aweza kulitambua kosa hili kwa macho yake.

Safu ni nini?

Mkulima apandaye mahindi kwa mstari hatii shina moja la mhogo katikati ya mstari ule. Si kwamba mhogo ni mbaya. Mhogo una mahali pake. Kiingereza nacho ni hivyo. Mambo mawili, matatu au zaidi yakiunganishwa na maneno kama "and", "or" na "but", yaani na, au, lakini, hayana budi kuwa ya jamii moja: jina kwa jina, sifa kwa sifa, kitenzi kwa kitenzi cha umbo lile lile.

Tazameni sentensi hii: "Maria likes reading, to sing and cooking." Mwandishi alitaka kusema kwamba Maria anapenda kusoma, kuimba na kupika. Maana yaeleweka, lakini safu imevunjika. Neno la kwanza na la tatu yana mwisho wa "-ing", la pili limetanguliwa na "to". Njia za kuitengeneza ni mbili. Twaweza kusema: "Maria likes reading, singing and cooking." Au twaweza kusema: "Maria likes to read, to sing and to cook." Zote mbili ni sahihi. Kinachokatazwa ni kuzichanganya.

Hiyo "to" nayo ina taratibu yake. Yaweza kutajwa mara moja mwanzoni, ikawatumikia wote: "to read, sing and cook." Au yaweza kurudiwa kwa kila kitenzi. Isitajwe kwa wa kwanza, ikaachwa kwa wa pili, ikarudishwa kwa wa tatu. Ukiwagawia wageni viti, wape wote au wote waketi mkekani.

Kwa nini sisi hukosea hapa?

Watu wengine husema kwamba kijana anayekosea hivi ni mvivu. Sivyo. Mara nyingi anakosea kwa sababu anaijua vema lugha yake mwenyewe.

Katika Kiswahili twasema: "Maria anapenda kusoma, kuimba na kupika." Ni "ku-" mwanzo hata mwisho. Na "ku-" hiyo yafanya kazi mbili. Twasema "anataka kusoma", na hapo kusoma ni tendo. Twasema pia "kusoma kwake kumetusaidia", na hapo kusoma kumekuwa jina kabisa, kuna na upatanisho wake. Umbo ni moja, kazi ni mbili. Mswahili hana haja ya kuchagua, safu yake yajipanga yenyewe.

Mwingereza hana "ku-". Kazi ile amewagawia watumishi wawili: "to read" na "reading". Kijana wetu akifikiri kusoma, kuimba, kupika, kila neno hulitafuta peke yake katika kichwa chake. La kwanza huja na "-ing", la pili huja na "to", naye haoni tofauti, maana kwake yote ni "ku-". Basi dawa si kumwambia ajitahidi tu. Dawa ni kumwonyesha kwamba mahali ambapo Kiswahili kina mlango mmoja, Kiingereza kina miwili, na akishaingia kwa mmoja asiruke akatokee kwa mwingine.

Tena kuna maneno yanayojichagulia mlango. Baada ya "want" hufuata "to": "She wants to read." Baada ya "enjoy" hufuata "-ing": "She enjoys reading." Lakini "like" hukubali yote mawili, na hapo ndipo vijana wengi hupotea.

Sababu ya pili ni hii. Kiswahili chatuachia kuanza na kitenzi chenye wakati, kisha kumalizia na "ku-". Twasema: "Alifika, akatusalimu na kuketi." Hakuna atakayelalamika. Kiingereza hakiruhusu. Hatuwezi kusema "He arrived, greeted us and to sit down", wala "and sitting down". Vitenzi vyote vitatu vitakuwa vya wakati uliopita: "He arrived, greeted us and sat down."

Sababu ya tatu ni juu ya sifa za mtu. Kwa Kiswahili twasema fulani ni mwaminifu, ana bidii, tena anaheshimu watu. Hapo pana sifa moja, kisha "ana" na jina, kisha kitenzi kamili, na masikio yetu hayasikii vibaya. Kijana akiihamisha sentensi hiyo kama ilivyo, huandika: "I am honest, hard work and I respect people." Kiingereza chataka sifa tatu zikae pamoja: "I am honest, hardworking and respectful."

Twaijua safu tangu utoto

Hata hivyo mtu asidhani kwamba jambo hili ni la kigeni. Wazee wetu walilijua bila kufundishwa sarufi. Sikilizeni methali: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Yagawanyika vipande viwili, kila kipande kina "bila" yake na jina lake, na kwa sababu hiyo mtoto akiisikia mara moja haisahau. Au hii: "Kuishi kwingi ni kuona mengi." Kuishi huku, kuona kule, kama mizani. Tukitaka kuieleza maana yake kwa Kiingereza twapaswa kuilinda mizani hiyo: "To live long is to see much." Tukisema "To live long is seeing much", upande mmoja umeinama.

Kanisani nako twaisikia kila Misa, katika wimbo wa katikati. Zaburi nyingi hutembea kwa miguu miwili: nusu ya kwanza ya mstari yatoa wazo, nusu ya pili yalirudia kwa maneno mengine, au yaongeza jambo, au yaonyesha kinyume chake. Ndiyo maana watawa huweza kuzisali pande mbili zikijibizana. Mtu aliyelieleza jambo hili kwa ufasaha alikuwa Robert Lowth, mwalimu wa ushairi katika chuo cha Oxford, Uingereza, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kianglikana. Mafundisho yake juu ya mashairi ya Kiebrania yalichapishwa kwa Kilatini mwaka 1753. Miaka 9 baadaye, mwaka 1762, bwana huyo huyo alitoa kitabu cha sarufi ya Kiingereza kilichotumika sana. Aliyesikiliza mizani ya zaburi ndiye pia aliyewafundisha Waingereza kuzitazama sentensi zao.

Sentensi iliyokwenda mahakamani

Labda msomaji atauliza: kama maana yaeleweka, kuna hasara gani safu ikivunjika? Mara nyingi hasara ni alama chache za mtihani. Lakini iko siku maana yenyewe hupotea. Sikilizeni jambo lililotokea Marekani.

Katika jimbo la Maine kuna sheria kwamba mfanyakazi akizidisha saa 40 kwa juma, kila saa ya ziada alipwe mara moja na nusu. Lakini sheria iliziondoa kazi fulani za vyakula katika haki hiyo. Kazi hizo zilitajwa kwa safu: "canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution". Yaani kutia katika makopo, kusindika, kuhifadhi, kugandisha, kukausha, kutafuta soko, kuweka ghalani, kufungasha kwa ajili ya kupeleka au kusambaza.

Madereva wa Oakhurst Dairy, kampuni ya maziwa, walikuwa wakisambaza maziwa na vyakula vingine. Hawakufungasha kitu. Mwaka 2014 walishitaki, wakidai malipo ya saa za ziada. Swali likawa moja: je, "distribution", yaani kusambaza, ni kazi ya peke yake katika safu ile, au ni sehemu tu ya kazi ya kufungasha? Ikiwa ni kazi ya peke yake, madereva hawana haki. Ikiwa ni sehemu ya kufungasha, wanayo.

Magazeti mengi yalisimulia juu ya koma, maana hapakuwa na koma kabla ya "or distribution". Lakini mawakili wa madereva walikuwa na hoja nyingine pia, nayo ndiyo hii tunayoieleza leo. Walisema: tazameni, kila kazi iliyoondolewa imetajwa kwa "-ing". "Canning", "drying", "storing", "packing". Ila "shipment" na "distribution" hayana "-ing". Basi haya mawili si wa safu ile. Ni watoto wa "packing": kufungasha kwa ajili ya kupeleka, au kwa ajili ya kusambaza. Kama sheria ingetaka kuitaja kazi ya kusambaza, ingesema "distributing".

Kampuni nayo haikukosa la kusema. Ilijibu kwamba kama "packing" ndiyo kazi ya mwisho katika safu, ingetanguliwa na "or", nayo haikutanguliwa. Hakimu wa kwanza aliiunga mkono kampuni. Shauri likaenda mbele, na tarehe 13 Machi 2017 mahakama ya rufani huko Boston ilisema kwamba sentensi ile haieleweki sawasawa, na kwa kuwa sheria yenyewe iliwekwa kwa kumlinda mfanyakazi, isomwe kwa faida yake. Mwaka 2018 pande mbili zilipatana kwa dola milioni 5. Baada ya hukumu ile ya rufani sheria iliandikwa upya, na safari hii mwishoni wakatia neno "distributing".

Wasomaji wapenzi, rudini kidogo mwangalie tafsiri yetu ya Kiswahili ya sheria ile. Kutia, kusindika, kukausha, kufungasha, kupeleka, kusambaza. Yote ni "ku-"! Ile hoja ya "-ing", iliyobishaniwa mbele ya majaji, kwa Kiswahili haionekani kabisa. Ndiyo maana sisi twahitaji kuwa macho zaidi tukiandika Kiingereza. Jicho letu halikuzoea kuitafuta alama hiyo.

Barua za vijana wetu

Mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya mahakama za mbali. Kijana aombaye kazi hujulikana kwanza kwa barua yake. Tuseme ameandika: "My duties were to keep the store, writing letters and I was counting money." Msomaji wa barua ana mafungu ya barua mezani. Atafahamu kwa taabu, na pengine atajiuliza kama mtu asiyeweza kupanga mambo matatu katika mstari mmoja ataweza kupanga bidhaa za ghala. Ni hukumu ngumu, lakini hutolewa kila siku. Kumbe dawa ilikuwa ndogo tu: "My duties were keeping the store, writing letters and counting money."

Au tuseme chama cha wakulima kimetoa tangazo: "Members must bring their sacks, pay the levy and weighing of the crop." Wanachama walete magunia na walipe ushuru, hayo ni wazi. Lakini kupima mazao ni kazi ya nani? Je, ni wanachama wapime, au walipie upimaji, au karani ndiye atakayepima? Tangazo halisemi. Kama wanachama ndio watakaopima, iandikwe: "Members must bring their sacks, pay the levy and weigh the crop." Kama ni karani, yasitiwe katika safu moja, ziwe sentensi mbili: "Members must bring their sacks and pay the levy. The clerk will weigh the crop." Hapa twajifunza neno kubwa: pengine safu hukataa kunyooka kwa sababu jambo moja si la pale. Lipeni mahali pake.

Maneno yaendayo wawili wawili

Kiingereza kina maneno yanayotembea kwa jozi: "both" na "and", "either" na "or", "neither" na "nor", "not only" na "but also". Kanuni ni hii: kinachofuata neno la kwanza na kinachofuata la pili viwe vya namna moja.

Si vizuri kusema: "She both can cook and sewing." Semeni: "She can both cook and sew." Si vizuri kusema: "You may either pay in cash or by cheque." Baada ya "either" kimekuja kitenzi, baada ya "or" kimekuja "by". Semeni: "You may pay either in cash or by cheque." Neno moja limehamishwa, na mizani imetulia.

Kulinganisha vitu nako kwafuata njia hiyo. "Teaching a child is better than to beat him" haifai. "Teaching a child is better than beating him" ndiyo sawa, kwa sarufi na kwa malezi.

Namna ya kuikagua sentensi

Sasa nawapeni njia rahisi. Yafaa kwa mwanafunzi, na yafaa kwa mzazi pia.

Kwanza, tafuteni "and", "or" au "but" katika sentensi. Zungusheni kalamu ya risasi hapo.

Pili, mambo yaliyounganishwa yaandikeni upya kwa kushuka chini, moja chini ya jingine, kama mtu aandikavyo hesabu ya kujumlisha. Hapo jicho huona upesi. Kama mawili yana "-ing" na la tatu halina, hata mama asiyejua neno moja la Kiingereza aweza kuweka kidole na kuuliza: "Mwanangu, huyu mbona hafanani na wenziwe?" Pengine mtoto atakuwa na jibu zuri, maana si kila neno lenye mwisho sawa ni la jamii moja. Lakini swali lile litamfanya atazame tena, na kutazama tena ndiyo nusu ya elimu.

Tatu, mwanzo wa sentensi usomwe na kila jambo peke yake. "Maria likes reading." Vema. "Maria likes singing." Vema. "My duties were keeping the store." Vema. "My duties were I was counting money." Hapana! Sentensi yenyewe imelia.

Nne, someni kwa sauti. Safu iliyonyooka ina mwendo, kama kwaya inayopiga makofi pamoja. Safu iliyovunjika hukwama, kama mwimbaji mmoja aliyekosa mpigo.

Kazi ya jioni kumi

Kwa wanafunzi, twawapa kazi ndogo. Kila jioni andikeni sentensi moja ya Kiswahili yenye "ku-" tatu, juu ya mambo ya nyumbani kwenu: kuchota maji, kulisha mbuzi, kufagia uwanja. Kisha itafsirini mara mbili, mara moja kwa "to" zote, mara moja kwa "-ing" zote. "Our work is to fetch water, to feed the goats and to sweep the yard." "Our work is fetching water, feeding the goats and sweeping the yard." Fanyeni hivyo jioni kumi, nanyi mtaona kalamu nyekundu imeanza kupungua.

Nanyi wazazi, msiwacheke watoto wakikosea, wala msikidharau Kiswahili kana kwamba ndicho kilichowapotosha. Mtoto aijuaye vema lugha ya kwao, akaonyeshwa mahali ambapo lugha nyingine yatengana nayo, hujifunza upesi na kwa furaha. Haba na haba hujaza kibaba, na sentensi moja iliyonyooka kila jioni itamfikisha mbali.